Mawe ya Kalokol na Jua la Masalani

Hoja: Nguzo za mawe za Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, zifundishwe shuleni kama kalenda ya anga iliyojengwa na watu wa kale wa nchi hii.

MWALIMU WA JIOGRAFIA: Naunga mkono, na sababu yangu ya kwanza iko darasani. Kila nikifundisha mzunguko wa dunia hapa Masalani, eneo la Ijara, mfano ulio karibu na mkono ni Stonehenge ya Uingereza. Mawe yale makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500 K.K., na mhimili wake unafuata jua: upande mmoja macheo ya siku ndefu kuliko zote, mwezi wa Juni, upande wa pili machweo ya siku fupi kuliko zote, mwezi wa Desemba. Wanafunzi wanaandika, halafu wanauliza, sisi je? Wazee wetu walikuwa wakitazama chini tu? Jibu lipo Kenya hii hii. Kalokol kuna nguzo 19 za basalti ambazo watafiti Lynch na Robbins walizipima, wakaandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba zimepangwa kuelekea macheo ya nyota na makundi saba ya nyota: Kilimia, Sirius, nyota za Orioni na nyinginezo. Ndizo nyota ambazo wafugaji Waborana hufuata kuhesabu miezi yao. Wakasema zilisimamishwa mnamo 300 K.K. Mtoto wa Ijara akiambiwa hivyo anainua kichwa.

MTAFITI WA MAMBO YA KALE: Na akifika chuo kikuu akakuta hoja hiyo ilishapingwa kabla hajazaliwa, lawama atakuletea wewe, mwalimu. Umeishia 1978. Mtafiti Robert Soper alikwenda Kalokol akapima upya, na makala yake ikatoka mwaka 1982. Alieleza kwamba basalti ya nguzo zile ina sumaku ya kuyumbisha sindano ya dira. Ukisimamisha dira kando ya jiwe kama hilo, huwezi kujua unapima upeo wa macho au unalipima jiwe lenyewe. Tena fanya hesabu hii na wanafunzi wako ubaoni. Chukua nguzo 19, ziunganishe mbili mbili, kila jozi ipate mstari wake: utapata mistari 171. Kila mstari una ncha mbili, basi una mielekeo 342. Duara lote la upeo wa macho lina digrii 360. Karibu kila digrii imepata mstari wake! Ukinitajia nyota saba zozote, hata zile ambazo hakuna Mborana aliyewahi kuzihesabu, nitakutafutia nguzo mbili za kila nyota.

MWALIMU: Dira ikikosea unatafuta kipimo kingine, huliachi swali. Asmarom Legesse, msomi wa Eritrea, aliieleza kalenda ya Waborana katika kitabu chake cha 1973 juu ya mfumo wao wa marika uitwao Gada: miezi 12, siku 354, siku 27 zenye majina. Mwaka 1986 mtaalamu wa anga Laurance Doyle akaijaribu kwa hesabu. Akaona haiendi kama inavyosimuliwa, iwapo tutasema mwezi na nyota vinachomoza kwa wakati mmoja. Lakini tukisema mwezi unachomoza mahali pale pale kwenye upeo wa macho ambapo nyota hiyo huchomozea, kalenda inakwenda, na inakwenda kwa anga ya 300 K.K. Sasa niambie, dada: mtu anayetaka kukumbuka mahali nyota ilipochomozea usiku kwenye tambarare isiyo na mlima, atafanya nini kama si kusimamisha kitu?

MZEE MFUGAJI: Mimi nimelala kwenye tambarare isiyo na mlima tangu nikiwa mtoto, mwalimu, na sijasimamisha kitu. Hapa Masalani hata ukitaka jiwe hulipati. Ni udongo wa mto, mikoma, na sasa miti ya mathenge. Ukipata jiwe kubwa ujue limekuja na lori la wajenzi. Je, kwa hiyo sisi hatujui nyota? Majirani zetu Waorma ni ndugu wa Waborana kwa lugha. Mmetaja Waborana tangu mlipoanza kusema. Kuna aliyewauliza?

MTAFITI: Ameuliza Marco Bassi, mzee, na alichapisha alichokiona mwaka 1988. Alikaa na wataalamu wao wa kuhesabu siku, wale wanaoitwa ayyantu. Wanautazama mwezi ukiwa jirani ya nyota fulani, basi. Macho, kumbukumbu, na kubishana wao kwa wao kama mwezi umefika au bado. Hakuna nguzo ndani ya kazi hiyo.

MWALIMU: Hawatumii leo. Hilo halimaanishi hawakutumia zamani. Leo sisi sote tunasoma saa kwenye simu. Je, vijiti vya kivuli vya misikiti ya zamani havikuwapo?

MTAFITI: Vilikuwapo, na kuna watu waliosimulia na kuandika namna vilivyotumika. Kwa Kalokol huna msimulizi hata mmoja. Waturkana, ambao ndio wanaoishi pale, husimulia kwamba nguzo zile ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Lakini tuache hilo, kwa sababu tatizo kubwa zaidi umeligusa mwenyewe. Hesabu ya Doyle inasimama juu ya anga ya 300 K.K. Tarehe hiyo haikutoka Kalokol. Ilitoka kwenye makaburi ya Lokori, kusini zaidi, ikahamishiwa Kalokol kwa sababu mahali pote pawili palionekana kuwa kazi ya watu wamoja. Elisabeth Hildebrand na wenzake walipochimba kwenye nguzo za magharibi mwa ziwa, Kalokol ikiwamo, wakachapisha matokeo mwaka 2011, umri ukawa kati ya miaka 5000 na 4000 iliyopita. Tofauti ni kama miaka elfu mbili. Na wewe unafundisha mhimili wa dunia, unajua kinachotokea kwa nyota ndani ya miaka elfu mbili.

MWALIMU: Zinahama. Mhimili huzunguka polepole, mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 26,000, na mahali nyota inapochomozea hubadilika.

MTAFITI: Basi mistari iliyolenga nyota za 300 K.K. haiwezi kuwa ndiyo waliyoikusudia watu waliokufa miaka elfu mbili kabla ya hapo.

MWALIMU: Sawa. Nyota naziachilia. Lakini jua sikuachii! Mteremko wa mhimili wa dunia umepungua kwa takriban nusu digrii tu katika miaka 5000, na nusu digrii ni upana wa duara la jua lenyewe. Solstisi ya Juni, siku jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini na kuanza kurudi, ilikuwapo wakati ule kama ilivyo leo, na macheo yake pale Kalokol yamesogea upana wa jua moja tu. Stonehenge ni jua. Newgrange ya Ireland ni jua. Nabta Playa, jangwani kusini mwa Misri, ni jua, na hiyo ni Afrika! Watafiti Wendorf, Schild na Malville waliandika mwaka 1998 juu ya duara dogo la mawe pale, na lango lake lililoelekea macheo ya solstisi ya Juni. Kama wachungaji wa ng'ombe wa Nabta waliweza, wachungaji wa Turkana walikosa nini?

MZEE: Hawakukosa kitu. Waliangalia jua lao. Mwanangu, jua la Juni lina habari gani ya kumpa mfugaji wa hapa? Juni gu, mvua ya masika, imekwisha. Kama nyasi zimeota umeziona, kama hazikuota umeshahama, uko kwenye vichaka vya Boni au ng'ombe wako wako ukingoni mwa Tana wanabishana na shamba la mtu. Desemba deyr, mvua ya vuli, nayo imemalizika. Jua la kuangalia ni lile la utosini, mchana ukisimama kivuli kinaingia chini ya miguu. Likishapita hapo naanza kutazama mawingu ya upande wa bahari. Sihitaji kulitafuta kwenye upeo wa macho asubuhi. Liko juu ya kichwa changu.

MTAFITI: Mzee amesema kitu ambacho vitabu vya Ulaya haviwezi kukufundisha, mwalimu, kwa sababu jua la utosini halifiki Ulaya. Stonehenge iko karibu digrii 51 kaskazini. Siku ya Juni pale ina zaidi ya saa 16 za mwanga, ya Desemba haifiki saa 8. Jua la asubuhi linatembea kwenye upeo wa macho kama digrii 80 kutoka solstisi moja hadi nyingine. Mtu wa kule asipoliona jua likirudi mwezi wa Desemba ana haki ya kuogopa. Masalani iko chini kidogo ya ikweta, hata digrii mbili haifiki. Siku yenu ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zinatofautiana kwa dakika 12 hivi. Jua linatembea digrii 47 tu. Utosini linapita mara mbili: siku chache kabla ya ikwinoksi ya Machi, siku mchana na usiku vinapolingana, na siku chache baada ya ile ya Septemba. Na mvua zenu mbili zinalifuata, moja baada ya kila pito. Kalokol nayo iko digrii tatu na nusu hivi kaskazini mwa ikweta; mambo ni yale yale, tarehe zinasogea kidogo tu. Nabta ni habari nyingine. Iko karibu na tropiki ya Kansa, na enzi hizo mvua yake ilikuja mara moja kwa mwaka, majira ya joto, baada ya solstisi ya Juni. Pale solstisi ilikuwa na kazi.

MWALIMU: Hapa ndipo nakataa kabisa, dada, na naomba unisikie. Mtu wa Ireland akijenga Newgrange, mwaka 3200 K.K., mnampa imani. Mnasema alitaka jua liwatembelee wafu wake. Mfugaji wa Turkana wa wakati ule ule mnamuuliza: ulihitaji nini? Mvua? Nyasi? Kana kwamba yeye hana haki ya kushangaa, hana haki ya kufanya jambo kwa sababu ni zuri au kwa sababu linamtisha. Newgrange nayo ni kaburi. Haina kazi ya kilimo ndani yake. Mbona hamuulizi ilimfaa nini mkulima?

MTAFITI: Swali lako ni la haki, na mimi mwenyewe limenikera katika kusoma kwangu. Nitakujibu kwa Newgrange yenyewe. Michael O'Kelly alichimba pale kati ya 1962 na 1975. Juu ya mlango alikuta tundu lililojengwa kwa mawe, halina kazi ya mlango, halina kazi ya paa. Watu wa jirani walikuwa na masimulizi kwamba jua huingia ndani. Asubuhi ya tarehe 21 Desemba 1967 akakaa ndani gizani, na mwanga ukaingia kwa tundu hilo, ukapita njia nyembamba yote hadi chumba cha ndani kabisa, ukakaa kama dakika 17, ukatoka. Angalia alichokuwa nacho: tundu lisilo na kazi nyingine, njia moja tu, siku inayojulikana kabla ya kwenda. Hakuchagua mmoja kati ya mielekeo 342. Wanaireland hawakupewa imani kwa upendeleo. Jengo lao limefungwa, linaruhusu mwanga upite sehemu moja. Nguzo za Kalokol zimesimama wazi, nyingine zimeinama, na jua huzipita kila siku ya mwaka.

MWANAFUNZI: Naomba kuuliza. Kama hawakuwa wakitazama anga, walihitaji mawe makubwa ya nini? Kuyabeba ni kazi.

MTAFITI: Ni kazi kweli. Na hapo, binti, ndipo ninapotaka twende, kwa sababu kuna jibu lililochimbwa, si la kukisia. Kusini mwa Kalokol kuna mahali panaitwa Lothagam. Nguzo za pale zilibebwa kutoka mbali kidogo, nyingine kama kilomita moja. Chini yake, ripoti ya 2018 inasema, kuna shimo kubwa lililochimbwa hadi kwenye mwamba, na ndani yake wamezikwa watu wasiopungua 580. Walizikwa kwa karne kadhaa, mmoja karibu na mwingine. Watoto wachanga, wanawake, wanaume, wazee. Karibu kila mmoja ana mapambo yake: shanga za ganda la yai la mbuni, pete za jino la kiboko, vito vya mawe ya rangi. Mmoja alizikwa na pambo la mamia ya meno ya panya wa jangwani, na hebu fikiria muda wa kuyakusanya na kuyapanga. Hakuna kaburi la chifu. Hakuna kona ya matajiri. Shimo lilipojaa wakalifunika kwa mawe wakasimamisha nguzo.

MWANAFUNZI: Na walikuwa wafugaji?

MTAFITI: Wafugaji wa kwanza wa eneo lile. Mvua ilikuwa inapungua, ziwa linarudi nyuma, kila kizazi kinakuta maji mbali zaidi. Watu waliokuwa wakihamahama wakapata mahali pamoja pa kurudi, palipo na wafu wao wote bila kubaguana. Mwalimu anataka kitu cha kumwinua mtoto kichwa. Mnara mkubwa uliojengwa na watu wasio na mfalme, miaka 5000 iliyopita, haumtoshi?

MWALIMU: Unanitosha sana, na nitaufundisha. Lakini umethibitisha nini dhidi yangu? Kwamba ni kaburi. Kaburi na anga havigombani. Newgrange ni kaburi lenye jua. Sisi wenyewe makaburi yetu yana mwelekeo.

MTAFITI: Afadhali umeyataja wewe, maana nilikuwa nasita mbele ya mzee.

MZEE: Sema, binti. Kutaja makaburi si dhambi.

MTAFITI: Masalani na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Kibla cha hapa ni kaskazini, karibu kaskazini kamili. Tofauti haifiki digrii moja. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kwa hiyo kaburi la hapa linalala mashariki na magharibi. Msikiti nao, ukuta wa mihrabu uko kaskazini, na ukuta huo wenyewe unakwenda mashariki na magharibi. Sasa mlete mtu wa miaka 5000 ijayo ambaye hajawahi kusikia habari za Makka. Atachimba, atapima makaburi mia, atakuta yote yanatazama mahali jua linapochomoza siku ya ikwinoksi, kwa usahihi wa digrii moja. Ataandika kitabu! Watu wa Masalani, atasema, waliwazika wafu wao kwa kufuata jua la Machi na Septemba, na misikiti yao ilikuwa vituo vya kuliangalia. Hesabu zake zitakuwa sahihi zote. Nyinyi mtakuwa mmegeuzwa waabudu jua.

MZEE: Audhubillahi.

MWALIMU: Nakubali mfano, lakini tazama unavyokugeukia. Huyo mtu wako amekosea sababu. Hakukosea kwamba tulikusudia. Makaburi hayo hayakulala hivyo kwa bahati, kuna watu walijali, wakapima. Na walipima kwa nini kabla ya dira na simu? Kwa jua hilo hilo! Wanafunzi wangu nawafanyisha zoezi hili. Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua linakuwa utosini mwa Kaaba. Linarudia tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27. Mwaka mrefu linatangulia siku moja. Saa yetu na ya Makka ni moja. Tunasimamisha fimbo ya mita moja uwanjani, wima, tunaikagua kwa uzi wenye jiwe. Dakika ikifika kivuli kina sentimita 43 hivi, kinalala kusini. Geuka upande kinakotoka: hicho ni kibla. Hakuna aliyetupa dira. Basi usiniambie kwamba kaburi likiwa na sababu ya imani, jua linatoka nje ya habari. Jua ndilo lililotuonyesha njia ya kulilaza.

MTAFITI: Umenibana, lakini si pale unapodhani. Ninajua kwamba mlikusudia kwa sababu mzee yuko hapa ananiambia. Ungeniondolea mzee, na Qurani, na adhana, ningebaki na mfanano wa mstari na jua, ambao ungenipeleka kwenye jibu la uongo nikiwa na vipimo vya kweli. Kalokol hakuna mzee. Watu wa shimo lile hawakuacha neno hata moja. Ndiyo maana nasitasita, mwalimu. Simnyimi mtu heshima.

MZEE: Sasa mimi nina neno langu. Mnagombania mawe ambayo hayasemi, na wanaosema hamuwaandiki. Sisi tukingojea gu tunaiangalia Dirir, ile nyota nyeupe inayong'aa peke yake. Tunaangalia mwezi unaposogea mpaka ukalala jirani yake. Baba yangu alinionyesha, na yeye alionyeshwa. Hilo liko kwenye kitabu cha shule?

MWALIMU: Halipo, adeer. Na nimelihakikisha: Dirir ni nyota wanayoiita Spica, na mwezi mpevu wa katikati ya Aprili huchomoza upande wake. Inakwenda sambamba na mvua.

MTAFITI: Muusa Galaal aliyakusanya maarifa hayo ya wafugaji Wasomali, nyota, majira na hali ya hewa, na kitabu chake kikachapwa 1992. Kusema kwamba hakuna aliyeandika si kweli. Kusema kwamba hayakufika darasani ni kweli kabisa.

MZEE: Hayakufika kwa sababu hayana jiwe la kupigwa picha. Mzungu akija anauliza, mnara uko wapi? Ukimwambia mnara ni mimi, anafunga daftari. Na mwalimu wetu amejifunza kuuliza vile vile.

MWALIMU: Adeer, sipingi heshima ya nyota zako. Lakini jiwe lina jambo ambalo kichwa cha mtu hakina. Hesabu huteleza. Makunduchi kule Unguja wana Mwaka Kogwa, Siku ya Mwaka, iliyotokana na Nairuzi ya Waajemi, kama inavyosemwa pia juu ya Dabshid yetu Wasomali ya kuwasha moto. Mabaharia wa pwani walihesabu kutoka siku hiyo kwa makumi, siku 365, hawakuongeza ya 366. Kila miaka minne hesabu ikarudi nyuma siku moja. Katika karne moja, siku 25. Kalenda yetu ya Hijria nayo, Ramadhani inazunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mstari wa jua uliowekwa ardhini hauna tatizo hilo. Mzee mmoja akifa na maarifa yake, yanakatika. Jiwe linabaki.

MZEE: Jiwe linabaki, maana yake inakatika. Huyu binti si ndiye anayelalamika kwamba halisemi? Tena kalenda yenyewe usiifanye kubwa kuliko ilivyo. Mwishoni mwa 2020 deyr ilikatika, ikawa ya kwanza ya misimu mitano iliyokatika mfululizo. Dirir ilikuwa mahali pake, mwezi ulikuja, jua lilipita utosini kama kawaida. Mifugo ikafa barabarani. Halafu mwisho wa 2023 mto ukaja na kila kitu ndani yake. Anga inakuambia wakati wa kungoja. Haikuahidi kitu. Mtu wa zamani alijua hilo kuliko sisi, na labda ndiyo maana alijishughulisha zaidi na kuwazika watu wake vizuri.

MWANAFUNZI: Mwalimu, mimi bado sijui. Nikiulizwa kwenye mtihani Kalokol ni nini, niandike kaburi au niandike kalenda?

MWALIMU: Andika ni mahali pa maziko pa wafugaji wa kwanza, na kwamba kuna waliodai ni kalenda ya nyota, na dai hilo lina matatizo. Lakini mimi sijamaliza na jua. Dada, nipe njia. Nikitaka kujua kama nguzo zile zina habari na solstisi, bila kudanganya na mistari yako 171, nifanye nini?

MTAFITI: Kabla hujaondoka Masalani, andika. Kaa chini uandike ni nguzo zipi mbili, mstari upi mmoja, macheo ya siku ipi, na kosa la digrii ngapi utakalolikubali. Eleza kwa nini umechagua hizo: labda ni ndefu kuliko nyingine, labda ziko kwenye mlango wa uzio. Funga karatasi. Ukifika usitumie dira. Tumia jua lenyewe au nyota kupata kaskazini, basalti isikuvute. Mwezi wa Juni uwe umesimama pale alfajiri. Kisha nenda Lothagam, na Jarigole upande wa mashariki wa ziwa, ujaribu mstari wa aina hiyo hiyo. Kama ni mila ya watu wamoja itajirudia.

MWALIMU: Na ikijirudia?

MTAFITI: Nitaandika kwamba imejirudia, na nitaweka jina langu chini.

MWALIMU: Utaandika kwamba walikusudia?

MTAFITI: Nitaandika kwamba walilaza mstari upande wa jua. Walichokusudia sitakijua.

MWALIMU: Kwa Newgrange mmeandika kwamba walikusudia. Hawakuacha neno nao.

MTAFITI: Waliacha tundu.

MWALIMU: Na hawa wameacha nguzo. Kwangu bado unawadai hawa ushahidi zaidi.

MZEE: Adaiwe au asidaiwe, mimi nataka jambo moja liandikwe kwenye hiyo karatasi kabla haijafungwa. Mstari wa pili. Mkiwa pale msipime macheo ya Juni peke yake. Ngojeni siku jua linapopita utosini mwa Kalokol, mwezi wa Machi au Septemba, mchana, muone ni nguzo ipi iliyosimama wima kabisa isiyokuwa na kivuli.

MTAFITI: Nguzo nyingi zimeinama, mzee.

MZEE: Zimeinama leo. Ziliposimamishwa je?

MTAFITI: Hilo linaweza kuchimbwa. Shimo la kitako cha nguzo huonyesha ilisimama vipi.

MWALIMU: Basi naandika yote mawili, macheo na utosini.

MTAFITI: Mawili, mwalimu. Yakizidi mawili tumerudi kwenye 171.